John Browning, fundi aliyetaka bastola ifunguliwe kwa mikono mitupu

Katika inchi zinazosema Kifaransa, kuna wakati watu walikuwa wanaita bastola yoyote browning, hata kama ilitoka kiwanda kingine. Hapa Kongo jina hilo lilifika pia, juu bastola hizo zilitengenezwa Ubelgiji, kule Herstal karibu na Liège. Lakini mwenye jina hakuwa Mbelgiji. John Moses Browning alikuwa Mmarekani, mtoto wa fundi wa bunduki, na alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 katika mji wa Ogden, jimbo la Utah.

Baba yake, Jonathan, alikuwa na wake watatu na watoto 22. Atelie yake ilijaa vyuma vya zamani, na John alikulia mulemule. Angali kijana mdogo alijitengenezea bunduki kwa vipande vilivyotupwa. Wakulima na wawindaji walimletea silaha zao zilizoharibika, na kwa kuzifungua moja moja alijifunza jambo ambalo shule haikumfundisha: chombo kinaharibika zaidi pale mwenye nacho anashindwa kukisafisha.

Mwaka wa 1879 alipata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi. Miaka minne baadaye kampuni ya Winchester ilinunua bunduki hiyo kwa dola 8 000. Mpaka kufa kwake alikuwa amefikisha hati 128.

Mwaka wa 1889, akiwa kwenye mashindano ya kulenga shabaha, aliona majani yanainama kila risasi inapotoka. Kumbe moshi wa baruti una nguvu inayopotea bure. Akaanza kutafuta namna ya kuitumia nguvu hiyo ili silaha ijijaze yenyewe. Kisha akaingia katika bastola. Mwaka wa 1897 alipatana na kiwanda cha FN cha Herstal, na bastola yao ya kwanza ikajulikana kama modeli ya 1900. Ile bado ilikuwa na visi: bila turnevisi, haufungui kitu.

Hapo ndipo Browning aliendelea kurekebisha. Askari yuko kwenye matope, hana sanduku la vyombo. Mwezi wa tatu wa 1911, jeshi la Marekani lilijaribu bastola yake mpya kwa kupiga risasi 6 000. Kila baada ya risasi 100 iliachwa ipoe. Kila baada ya 1 000 ilisafishwa na kutiwa mafuta. Haikukwama hata mara moja. Bastola hiyo, M1911, inafunguliwa kwa vidole tu, na pini moja ndiyo inashika sehemu ya juu na ya chini pamoja.

Lakini ilibaki na shida moja. Chini ya mtutu kuna kipande kidogo kinachochezacheza. Wakati wa kurudishia, kikilala vibaya, pini haipiti. Mwenye haraka anasukuma kwa nguvu, anakwaruza chuma, ao anaharibu. Katika bastola yake ya mwisho Browning alikiondoa kipande hicho, akaweka mkato ndani ya chuma chenyewe cha mtutu. Kitu kimoja kidogo cha kupotea ao kukosea kiliisha.

Hakuiona ikimalizika. Tarehe 26 Novemba 1926, akiwa Herstal katika ofisi ya kazi ya mtoto wake Val, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 71. Mbelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeimaliza, ikatoka mwaka wa 1935 kwa jina la GP. Majeshi ya inchi nyingi yaliibeba, Kongo pia.

Kuna kosa ambalo limeua watu wengi: mtu anatoa chombo cha masasi, anasema bastola sasa ni tupu, anaanza kuisafisha. Risasi moja imebaki ndani ya mtutu. Ile ya 1911 itapiga tu. GP iliwekewa kizuizi: chombo cha masasi kikitoka, kifyatulio hakifanyi kazi. Lakini chuma kinachakaa, na kuna wanaokitoa kizuizi hicho kusudi kifyatulio kiwe chepesi. Kwa hiyo mafundi wanashika utaratibu uleule: mdomo wa bastola uelekee mahali pasipo na mtu, kidole kiwe mbali na kifyatulio, chombo cha masasi kitoke kwanza, kisha sehemu ya juu ivutwe nyuma, na ndani ya mtutu paangaliwe kwa macho na kuguswa kwa kidole. Masasi yote yanawekwa mbali na meza. Ni baada ya hapo tu kazi ya kitambaa na mafuta kidogo inaanza. Ikirudishiwa, inajaribiwa bila risasi. Kama kitu kinagoma, hakilazimishwi, kinapelekwa kwa fundi wa silaha.

Hiyo ni kazi ya mwenye ruhusa na mafunzo. Mtoto ao mkulima anayeokota bastola shambani asiiguse. Aweke alama, awazuie wengine, aite wakubwa wa mahali. Browning aliifanya iwe rahisi kufungua. Wepesi huo unamsaidia anayejua, na unamdanganya asiyejua.