Albin Grau na Nembo ya Kampuni ya Filamu Moja

Ukishasema hapa chuoni kwamba kwenu ni Sumbawanga, subiri tu. Hakosi mmoja wa kuuliza nauli ya ungo ni shilingi ngapi. Tumezoea, tunacheka nao. Ila muhula uliopita wenzangu walitaka kuanzisha kikundi cha filamu za kutisha, mimi nikapewa kazi ya kuchora nembo. Walitaka bibi kizee mwenye macho mekundu, amekaa kwenye ungo, na chini yake uwanda wa Ufipa. Penseli ikagoma. Ndipo nikaanza kusoma habari za Mjerumani mmoja aliyewahi kupewa kazi kama yangu, miaka mia moja na ushee iliyopita.

Albin Grau alizaliwa mwaka 1884 huko Leipzig, akasomea sanaa, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikamfanya askari. Baadaye alisimulia kwamba alipokuwa Serbia, mkulima mmoja alimwambia kuwa marehemu baba yake aligeuka mnyonya damu, yaani ndugu wa mumiani tunayemjua sisi. Hadithi hiyo haikumtoka kichwani. Tena mwenyewe alikuwa mtu wa mambo ya siri, mwanachama wa vyama vilivyofundisha elimu ya ghaibu.

Mwaka 1921, yeye na Enrico Dieckmann walianzisha kampuni ya Prana-Film. Prana ni neno la Kisanskriti, maana yake pumzi au uhai. Kwa nembo, Grau angeweza kuchora fuvu, popo au jeneza, na hakuna ambaye angemshangaa. Badala yake alichukua ile duara ya Wachina: nusu nyeusi, nusu nyeupe, na kila upande umebeba tone la mwenzake. Mimi naisoma hivi: giza la kuogopwa haliko kwa jirani peke yake, na kwako lipo tone.

Filamu yao ilikuwa Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau. Grau alibuni mandhari, mavazi na mabango. Kile kipara, yale masikio na zile kucha za Count Orlok, zinazotisha watu mpaka leo, zilipita kwanza kwenye karatasi yake. Hata barua anayoandika Orlok ndani ya filamu imejaa alama za ajabu ajabu. Filamu ilizinduliwa Berlin tarehe 4 Machi 1922.

Sasa hapa ndipo kosa lilipo. Kisa walikichukua kwenye Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897. Walibadilisha majina ya wahusika, lakini ruhusa hawakuomba. Mjane wa Stoker, Florence, akawashtaki. Kampuni ilifilisika mwaka huohuo wa 1922, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Bahati nzuri nyingine zilikuwa zimeshasambaa nje ya nchi, ndiyo maana tunaiona leo. Prana-Film ilikuwa na mipango ya filamu nyingi, ikaishia na hiyo moja. Grau alibuni pia filamu ya Schatten ya mwaka 1923, kisha polepole akatoweka kwenye sinema. Alifariki mwaka 1971, akiwa na miaka 86.

Kisa chake kilinikaa kooni kwa sababu ya lile ungo. Florence Stoker alikuwa na mahakama ya kumsikiliza. Bibi wa kijijini, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini, hana hakimiliki ya sura yake. Na nchi hii wapo vikongwe waliouawa kwa macho hayohayo. Jina lenyewe la Sumbawanga wengi hulieleza kuwa ni agizo la kuutupa uchawi. Sisi tunataka kuuokota tuuweke kwenye bango?

Si kwamba sipendi filamu za kutisha. Nimekua nikiangalia Nsyuka na Shumileta kwenye banda umiza, nikarudi nyumbani mbio bila kugeuka nyuma. Kutisha ni kazi ya heshima. Ila kitisho nacho kina mwenyewe.

Basi nikachora kitu kingine. Zamani Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, kwa matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyojivutia hewa yenyewe bila mivukuto. Mengine bado yamesimama porini. Hebu fikiria usiku: mnara mweusi, tumbo lake jekundu, unapumua wenyewe. Ni pumzi ileile aliyoitafuta Grau, na haimsingizii bibi wa mtu.

Wenzangu bado wanataka ungo. Tunapiga kura Ijumaa.