Mwami Msiri: mfalme wa shaba aliyeishiwa baruti

Kila tarehe 20 Desemba, Wayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka Mwami Msiri, mfalme aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, miaka 19 baada ya kifo chake, lakini jina lake linajulikana vizuri jijini. Wengi wanajua kwamba alipigwa risasi na Mzungu. Kisichosemwa sana ni kwamba nguvu zake zilikuwa zimepungua kabla ya siku hiyo, kwa sababu ya kitu kimoja: baruti.

Msiri alizaliwa karibu mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, upande wa Tabora, Tanzania ya leo. Jina lake lilikuwa Ngelengwa Mwenda. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyesafiri hadi Katanga kununua shaba. Mtoto alifuata njia hiyo hiyo, lakini hakurudi kwao. Alibaki na watu wake na bunduki chache, katika nchi ambayo watu wengi walipigana kwa mikuki na mishale.

Bunduki hizo zilimfungulia mlango. Machifu wenyeji walimhitaji dhidi ya maadui wao, naye akapata ardhi, wake na wafuasi. Polepole mgeni akawa mtawala wa wenyeji wake. Ufalme wake uliitwa Garenganze, na Bunkeya ikawa mji mkuu wake. Kutoka huko aliuza shaba, chumvi na pembe za ndovu. Aliuza pia watumwa, na jambo hilo liliacha machungu makubwa kwa makabila aliyoyatawala.

Malipo aliyoyapenda zaidi yalikuwa bunduki na baruti. Mashariki vilitoka kwa Waarabu na Waswahili wa njia ya Tabora. Magharibi vilitoka kwa Waovimbundu wa Bihe, waliovileta kutoka Benguela, kwenye bahari ya Atlantiki. Ili kuimarisha njia ya magharibi, Msiri alioa pia mwanamke wa familia ya wafanyabiashara wa upande huo, Maria de Fonseca.

Bunduki yenyewe

Silaha za askari wake zilikuwa hasa magobori. Gobori halitumii risasi yenye ganda. Mpigaji anamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, anaishindilia, kisha anatia risasi. Kipimo kinategemea jicho na mazoea. Risasi ikipita kwenye mtutu, inatosha. Kwa hiyo wahunzi wa Katanga waliweza kutengeneza risasi kwa shaba au chuma cha nyumbani. Lakini baruti nzuri ilitoka nje.

Bunduki mpya za Wazungu zilikuwa jambo lingine. Zilipakiwa kwa nyuma, na baruti, risasi na fataki vilikuwa pamoja ndani ya ganda moja. Ganda hilo lazima likae sawasawa ndani ya chumba cha bunduki. Bunduki ikifungwa, nafasi inayobaki kati ya kitako cha ganda na chuma kinachofunga nyuma ni ndogo mno, sehemu tu ya milimita. Ikiwa kubwa kupita kiasi, ganda linavutika na linaweza kukatika, na moto ukarudi usoni kwa mpigaji. Ikikosekana kabisa, bunduki haifungiki. Kazi ya namna hiyo ilihitaji kiwanda na vipimo maalumu. Mhunzi wa Bunkeya, hata awe hodari vipi, hakuweza kuifanya kwenye tanuru lake.

Njia zinafungwa

Kufikia mwaka 1891, Wasanga walikuwa wameasi dhidi ya utawala wake. Vita hivyo vilivuruga njia za misafara, na baruti ikaanza kukosekana. Njaa nayo iliingia Bunkeya, na watu wengi wakauhama mji.

Wakati huo huo Wazungu walikuwa wanagombania Katanga. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika kutafuta mkataba, akaondoka mikono mitupu. Mwaka 1891 Paul Le Marinel na Alexandre Delcommune walifika kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Msiri aliwaomba baruti. Wao walitaka akubali bendera yao. Hakukubali.

Tarehe 14 Desemba 1891, msafara wa nahodha William Stairs uliingia Bunkeya. Ulikuwa na watu zaidi ya 300, askari na wapagazi, na bunduki za kupakiwa nyuma. Mazungumzo hayakuzaa kitu. Tarehe 19 Stairs alipandisha bendera kwa nguvu, na usiku Msiri akaondoka kwenda kijiji cha Munema. Kesho yake nahodha Omer Bodson alipelekwa huko na askari kumchukua. Kwa maelezo ya watu wa msafara, Msiri alichomoa upanga, na Bodson akampiga risasi. Masuka, mtoto wa Msiri, naye akampiga Bodson, aliyekufa kwa jeraha hilo.

Mukanda-Bantu, mtoto mwingine wa Msiri, alirithi kiti na kukubali mamlaka ya Dola. Baadaye watu wake walipigana upande wa Dola dhidi ya Wasanga, maadui wale wale waliokuwa wamefunga njia za baba yake.

Ukoo wa Msiri haukupotea. Mjukuu wake, Godefroid Munongo, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga wakati wa kujitenga mwaka 1960, makao yakiwa Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville wakati huo. Na Bunkeya, kiti cha Mwami wa Wayeke kipo hadi leo.