JOHN HUNTER: DAKTARI ALIYEFUNZWA NA MBWA NA JOGOO

Kama umewahi kuingia Makumbusho ya Kitale, bila shaka unajua yalitokana na mkusanyo wa mtu mmoja, Kanali Hugh Stoneham. Basi kule London nako kuna makumbusho ya namna hiyo, yaliyotokana na mkusanyo wa daktari mpasuaji John Hunter.

Hunter alizaliwa Scotland mwaka 1728, kitindamimba wa watoto kumi. Shuleni hakuvuma hata kidogo. Aliacha masomo akiwa na miaka 13 hivi. Mwaka 1748 alikwenda London kumsaidia kaka yake William, aliyekuwa akifundisha elimu ya mwili. Huko ndiko kipaji chake kilipojitokeza.

Mwaka 1767 kano ya kisigino chake ilikatika. Inasemekana alikuwa akicheza dansi. (Wakimbiaji wetu wa Trans Nzoia wanaijua sana kano hiyo!) Hunter hakuketi kulalamika. Alichukua mbwa kadhaa, akawakata kano kama hiyo kupitia tundu dogo la ngozi, kisha akawaua kwa nyakati tofauti ili aone inavyoungana. Aligundua kwamba ngozi isipoachwa wazi, kano huungana kama mfupa uliovunjika ndani kwa ndani. Maarifa hayo yaliwafungulia njia madaktari wa karne ya 19 waliokata kano hiyo ili kunyoosha nyayo za watoto zilizopinda. Hadi leo jambo hilo hufanywa.

Sasa tuje kwa jogoo. Kwetu Bungoma jogoo ni kitoweo cha mgeni wa heshima. Kwa Hunter alikuwa shamba la majaribio. Alipanda jino la mtu katika upanga wa jogoo, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, nalo likashika. Lakini katika majaribio mengi, lilishika mara moja tu! Hata hivyo aliunga mkono kuwapandikizia watu meno ya wenzao. Matajiri wakanunua meno ya maskini, hata ya watoto, yakang'olewa yakiwa mazima. Mengi hayakudumu, na baadhi ya waliopandikizwa wakaugua.

Hapo ndipo penye fundisho. Mbwa walimwambia kweli, jogoo akampoteza. Mnyama aweza kutuonyesha jeraha linavyopona, lakini ufizi wa mtu si upanga wa jogoo. Ndiyo sababu siku hizi vifaa vya kutiwa mwilini hujaribiwa hatua kwa hatua, kwa wanyama, kisha kwa watu waliokubali wenyewe. Tena tusisahau deni letu: mbwa wale walikatwa bila dawa ya usingizi, kwani ilianza kuonyeshwa hadharani mwaka 1846.

Hunter alifariki mwaka 1793. Mwanafunzi wake, Edward Jenner, alianza chanjo ya ndui mwaka 1796, na mwaka 1799 serikali ya Uingereza ikanunua mkusanyo wa mwalimu wake, vielelezo karibu 14,000. Wanafunzi wenzangu, kuuliza si ujinga, ila jibu la jogoo mmoja lisikutoshe.