Muhammad Iqbal na Maana ya Taifa

Watu huwa taifa moja kwa kitu gani? Katika waliolishughulikia swali hili, Muhammad Iqbal ni mmoja wa walio mbele. Yafaa tuyajue maisha yake, kwani rai aliyoishika aliifikia baada ya kuiacha nyingine.

Alizaliwa Sialkot, nchi ya Punjab, mwaka 1877. Ujanani alikuwa mshairi wa nchi yake. Mwaka 1904 alitunga wimbo wa kuisifu Bara Hindi, ambao hata leo huimbwa huko.

Mwaka 1905 alisafiri Ulaya, akasoma Cambridge na Munich, akarejea 1908 akiwa daktari wa falsafa na wakili. Safari ile ilimgeuza. Aliona watu wa dini moja wakihusudiana kwa ajili ya mipaka, kila taifa likidhani maslaha yake ndiyo haki. Mwaka 1914 mataifa hayo yakaanza kuchinjana.

Katika kitabu chake cha mwaka 1918, Rumuz-i Bekhudi, alibainisha kuwa Waislamu hawakufanywa umma na udongo, wala nasaba, bali na tauhidi na utume. Hoja yake ni Hijra: Mtume (S.A.W.) aliiacha Makka, mji wa wazee wake, na umma ukasimama Madina. Hakumkataza mtu kupenda kwao. Alilolikataa ni kuifanya nchi kuwa mizani ya haki na batili.

Mwanzo wa 1938, Maulana Husain Ahmad Madani alinena kwamba mataifa ya zama hizi hufanywa na nchi. Iqbal, ilhali mgonjwa, alimjibu kwa shairi kali. Maulana akaeleza kuwa alisimulia hali ya zama tu, hakuwausia Waislamu waifuate. Hapo Iqbal alitangaza kuwa hana tena haki ya kumlaumu. Huo ndio uungwana wa wenye ilimu. Alifariki Lahore tarehe 21 Aprili mwaka huo, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwaka 1930 alikuwa ametaka Waislamu wa kaskazini-magharibi wawe na dola yao, na 1947 Pakistan ikazaliwa. Lakini 1971 Wabengali walijitenga, wakaunda Bangladesh, kwani walinyimwa haki na ndugu zao wa dini. Basi jina la umma peke yake halitoshi pasipo uadilifu.

Nasi tujihesabu. Msikitini twasimama safu moja. Je, tukitoka nje twaulizana haki, au twaulizana kabila?