ALEXANDER MACKAY NA BARABARA YA MPWAPWA



Mhariri wetu aliniomba niandike habari za mtu mmoja mashuhuri wa zamani aliyepata kupita katika sehemu zetu hizi, akaniachia uhuru wa kumchagua mwenyewe. Najua wengi mngetazamia nimchague mtemi, au askofu, au mwalimu mkuu fulani. Mimi nimemchagua fundi. Alexander Murdoch Mackay hakuwa padri wala tabibu, na serikali haikumpa cheo chochote. Alikuwa mhandisi aliyekuja kwa hiari yake akiwa na misumeno na nyundo, na kazi yake kubwa ya kwanza katika Afrika ilikuwa barabara ya kuja hapa kwetu.

Nina sababu ya kumchagua. Kazi yangu serikalini, hapa Dodoma, hunikutanisha mara kwa mara na watu wa kujitolea kutoka nchi za nje: vikundi vya makanisa, wanafunzi wa udaktari, wachimba visima, wajenzi wa madarasa. Wengine hukaa wiki mbili, wengine miezi mitatu. Huja na moyo safi, sina shaka nao. Lakini nimeona mengi. Mvua zile za mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010, zilipoleta mafuriko Kilosa na wilayani Mpwapwa na kubomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, mimi nilikuwa mtumishi mchanga, nikatumwa kusaidia kuhesabu kaya na kugawa mablanketi. Kikundi kimoja kutoka ng'ambo, ambacho sitakitaja, kilileta mitambo mizuri sana ya kusafisha maji. Kikapiga picha, kikaondoka siku ya kumi. Mtambo wa kwanza uliharibika kabla matope hayajakauka, na hapakuwa na mtu aliyefundishwa kuufungua. Muuguzi mmoja wa kikundi hicho hicho alikataa kuondoka na wenzake. Akabaki zaidi ya mwaka akipanda na kushuka vilima na wauguzi wetu. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani kinachomtofautisha mtu wa namna ile na wenziwe, na ndivyo nilivyorudi kwa Mackay, ambaye tulimsoma shuleni haraka haraka kwa ajili ya mtihani, kisha tukamsahau.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, naye alitaka mwanawe awe mchungaji kama yeye. Kijana akapenda mashine. Alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha uhandisi, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani kufanya kazi katika kiwanda cha Berlin, mwanzoni akiwa mchoraji wa ramani za mitambo, baadaye mkuu wa sehemu ya kutengeneza injini za reli. Alikuwa na mshahara na heshima, na njia ya maisha ilikuwa wazi mbele yake. Mwishoni mwa mwaka 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya Henry Stanley, aliyekuwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akiomba waje watu wa dini wenye ujuzi wa mikono: wajenzi, wakulima, wahunzi. Mackay akajiandikisha kwa C.M.S., chama kile kile ambacho wazee wa Mpwapwa, Kongwa na Mvumi wanakijua vema.

Waliteuliwa watu wanane. Katika kikao cha kuwaaga mwezi Aprili 1876, Mackay, aliyekuwa mdogo kuliko wote, aliwaambia wakubwa wa chama wasishtuke wakisikia kabla ya miezi sita kwamba mmoja wao amekufa. Habari hiyo ikifika, wasivunjike moyo, bali wamtume mwingine mara moja kushika nafasi yake. Watu hawakupenda maneno yale, nasikia ukumbi ulinyamaza. Basi mwezi Agosti mwaka huo huo, James Robertson, mjenzi, alifariki Unguja. Daktari John Smith alifariki kusini mwa Ziwa mwezi Mei 1877. Mwezi Desemba Luteni Shergold Smith, kiongozi wao, na O'Neill wakauawa Ukerewe. Wawili wengine walirudishwa kwao kwa ugonjwa. Katika wanane wakabaki wawili tu, Wilson na Mackay, na Wilson naye aliondoka miaka michache baadaye.

Mackay mwenyewe nusura awe katika hesabu hiyo. Safari yake ya kwanza ya bara ilimshinda. Alipokaribia Ugogo homa ilimwangusha, na mwezi Novemba 1876 ikabidi arudishwe pwani akiwa mahututi. Chama kilikuwa tayari kumruhusu arudi kwao. Yeye alipopata nafuu aliomba kazi, nao wakampa kazi ya barabara.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo Mackay alipokuwa wetu.

Njia kuu ya misafara toka pwani ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji matamu, ikaingia Ugogo ambako kila mtemi alidai hongo, ndipo ikaenda Unyanyembe na Ujiji. Kila kitu kilibebwa kichwani au begani. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo thelathini, na njia yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, nyembamba kama ya mbuzi. Mashua ya misioni, iliyoitwa Daisy, ililetwa Ziwani kwa vipande juu ya mabega ya watu. Majina ya watu hao hayakuandikwa mahali popote nilipopata kusoma, ingawa kila bati na kila ubao wa mashua ile uliandikwa. Mackay alifanya hesabu ya kihandisi. Alisema gari moja la maksai lingechukua mizigo ya wapagazi wengi, gharama ingeshuka, na biashara ya kununua watu ili wabebe pembe ingepungua nguvu. Hesabu hiyo kwenye karatasi haina kosa.

Akaanzia Saadani, mji ule ambao Bwana Heri aliutetea kwa silaha dhidi ya Wajerumani mwaka 1889. Akiwa na kikosi cha vibarua wenye mashoka, mapanga, sururu na misumeno, mwaka 1877 alifungua barabara ya maili zipatazo 230, sawa na kilomita 370, mpaka Mpwapwa. Ilichukua kiasi cha siku mia moja. Walifyeka vichaka vya miiba ambavyo mtu hawezi kuona hatua tatu mbele, wakachimba kingo za mito ili magurudumu yapate kushuka na kupanda, wakatandika madaraja ya magogo. Mimi nimekaa katika vikao vya barabara, nikaona miezi mitatu ikiisha kabla ya hata kutangaza zabuni. Ninapofikiri kilomita 370 kwa shoka na sururu, mhandisi akiwa bado na homa ya vipindi, huwa natamani kunyamaza kikaoni.

Na sasa niseme ukweli wote: barabara ile haikufaa kitu. Mackay alifunga maksai kwenye magari, akaanza safari. Mvua zikanyesha. Magurudumu yakazama matopeni hata ekseli, na ng'ombe wakawa wa kuvutwa badala ya kuvuta. Wale waliopona matope wakaumwa na mbung'o, wakakonda, wakafa mmoja baada ya mwingine. Siku zile hakuna mtaalamu aliyejua barabara namna gani mbung'o aua, ingawa kila mchungaji wa pande hizi angeweza kumwambia wapi asipitishe mifugo. Hapa simwonei. Aliamini kwamba kinachofaa Afrika ya Kusini kitafaa na huku, na nyika ikamkatalia. Miaka michache baadaye majani na miiba vilikuwa vimeifunika njia yake, na misafara ikaendelea kubeba kichwani mpaka reli ya kati ilipofika baada ya mwaka 1900.

Ni wakati magari yake yamekwama ndipo alipopata habari ya mauaji ya Ukerewe. Mtu mwingine angeona amepata sababu ya heshima ya kurudi: barabara imeshindwa, ng'ombe wamekufa, kiongozi ameuawa. Mackay aliacha mizigo mizito nyuma, akachukua watu wachache, akakata Ugogo kwa haraka, na mwezi Juni 1878 akafika Kagei kwenye Ziwa. Huko alikuta mali ya misioni imerundikwa bandani: vipande vya injini vimeota kutu, mtambo wa kuchapa umechanganyika na misumari, vitabu vimeliwa na mchwa. Daisy ilikuwa imelala mchangani, mbao zimepasuka kwa jua. Kabla ya lolote alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akakaa na Mtemi Lukonge aliyewaua wenzake, wakapatana. Kisha akaketi kutengeneza. Yeye na Wilson walipoanza kuvuka Ziwa dhoruba iliivunja tena mashua, nao wakakata sehemu yote ya katikati, wakaunganisha tezi na omo, na mbao zilizokatwa zikawa viraka. Waliingia Buganda mwezi Novemba wakiwa na mashua iliyopungua urefu.

Habari za Buganda zinajulikana zaidi, hivyo nitazipita upesi. Alikaa huko karibu miaka tisa. Mwanzoni alifundisha kwa Kiswahili, akitumia Maandiko yaliyotafsiriwa Unguja na Askofu Steere, mpaka alipojua Kiganda vizuri. Jambo hili napenda tulikumbuke sisi tunaodhani Kiswahili kilipanda bara kwa siasa peke yake. Alichonga herufi za mbao kwa mkono, akachapa kurasa za kusomea. Alifua vyuma, akaunda mikokoteni. Mwaka 1882 mama yake Mutesa alipofariki, Kabaka alimtaka Mackay amtengenezee jeneza, na likawa majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la mbao na la shaba iliyofuliwa kutoka vyombo vya ikulu. Hakuwa mtu laini. Mwaka 1879 aligombana na Padri Lourdel wa Kikatoliki mbele ya Mutesa, kila mmoja akimwita mwenziwe mwongo wa dini, hata Kabaka akashangaa Wazungu wana Mungu wangapi. Mimi naona siku hiyo wote wawili walijiaibisha. Na katika barua zake za mwisho mwisho aliitaka Uingereza itie mkono katika mambo ya nchi ile. Tunajua mkono huo ulipoingia haukutoka upesi.

Mutesa alifariki mwaka 1884. Chini ya Mwanga, tarehe 31 Januari, 1885, vijana watatu wa misioni walichomwa moto. Mackay alikwenda kuwaombea, hakusikilizwa. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwaka 1886 wakafuata mashahidi wengi wa Namugongo. Mackay alibaki peke yake kwa muda mrefu, akichapa na kufundisha usiku, mpaka mwezi Julai 1887 alipolazimishwa kuondoka. Hata hapo hakwenda pwani. Alivuka Ziwa tu, akajenga upya mahali paitwapo Usambiro, kusini mwa Ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Huko ndiko Stanley alikomkuta mwezi Agosti 1889, alipokuwa akirudi na Emin Pasha. Msafara wa Stanley ulikaa hapo karibu wiki tatu. Walikuta nyumba imara, maktaba, karakana, mbao zinapasuliwa kwa ajili ya mashua mpya, na boila ya injini inapigwa ribiti. Stanley, aliyekuwa mgumu wa kusifu watu, aliandika kwamba tangu Livingstone hakuona mmisionari mwingine kama huyu. Akamsihi waende pamoja pwani. Chama nacho kilikwisha kumwandikia apumzike. Miaka kumi na tatu alikuwa hajaiona kwao hata mara moja. Mackay alijibu kwamba ataondoka atakapokuja wa kupokea kazi. Msafara ukaondoka bila yeye, ukapita Mpwapwa mwezi Novemba kuelekea pwani.

Mwanzoni mwa Februari 1890 mwenzake mmoja, Deekes, aliyekuwa mgonjwa, alikuwa akijiandaa kurudi kwao. Mackay, ambaye ndiye aliyekuwa mzima, akashikwa na homa. Siku zile alikuwa akitafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda. Alifariki tarehe 8 Februari, akiwa na umri wa miaka arobaini. Deekes alimzika pale pale Usambiro. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala, nako ndiko kaburi lake liliko hata sasa. Miezi mitano baada ya kifo chake, Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana nchi zote alizopita kwa miguu: Buganda kwa Waingereza, Usambiro, Ugogo, Mpwapwa na Saadani kwa Wajerumani.