Kardinali Rugambwa na Urithi wa Kibanja

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba. Alibatizwa Machi 1921 akiwa na umri wa miaka minane. Akasoma Seminari Ndogo ya Rubya, kisha Seminari Kuu ya Katigondo nchini Uganda, na kupewa daraja ya upadre mwezi Desemba 1943. Baadaye alipelekwa Roma, ambako alisomea sheria za Kanisa hadi kupata shahada ya udaktari mwaka 1951.

Tukitaka kumwelewa, tuanzie kwenye kibanja. Mtoto wa Kihaya wa enzi zake alikulia katikati ya migomba, mibuni na maharage, chini ya miti ya kivuli. Nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa shambani, na samadi ya ng'ombe ikarudishwa kwenye mashina. Kibanja kililisha vizazi vingi mahali pale pale kwa sababu kila kizazi kilirudisha kitu ardhini kabla ya kumwachia mwingine.

Kanisa la Kagera nalo lilipandwa hivyo. Wamisionari wa Afrika walifungua misioni ya Kashozi mwaka 1892, wakaanza mapema kuwaandaa mapadre wazalendo. Tarehe 10 Februari 1952 Padre Rugambwa aliwekwa wakfu kuwa askofu, akakabidhiwa Vikarieti ya Kagera ya Chini, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jimbo la Rutabo. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu, naye alikuwa na miaka 47 tu. Mwaka huohuo akawa Askofu wa Bukoba.

Alishiriki Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, ambao tarehe 7 Desemba 1965 ulitoa hati ya Gaudium et Spes. Hati hiyo inafundisha kwamba mali ya dunia Mungu aliikusudia kwa ajili ya watu wote. Miaka hamsini baadaye, mwaka 2015, Papa Fransisko katika Laudato Si' aliendeleza fundisho hilo: uharibifu wa mazingira na umaskini ni janga moja, na maskini ndio wa kwanza kuumia.

Mwishoni mwa mwaka 1968 Mwadhama aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, akalichunga jimbo hilo hadi alipong'atuka mwaka 1992. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997. Alizikwa kwanza Kashozi, na Oktoba 2012 masalia yake yakahamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba.

Enzi za ujana wake, neno uendelevu halikuwa limezoeleka. Leo tunalisikia kila siku, lakini vibanja tulivyorithi vinachoka. Vimegawanywa kwa warithi hadi vikawa vipande vidogo. Ng'ombe wamepungua, na samadi pamoja nao. Sehemu za rweya zimepandwa mikaratusi na misonobari, nyasi za kutandaza zinatafutwa mbali. Mnyauko wa migomba umezifikia familia nyingi Muleba na Bukoba. Mgomba ukifa, anayekosa chakula kwanza ni mjane na yatima asiye na shamba lingine.

Ndugu waseminari na waamini, tunajivunia kwamba kardinali wa kwanza Mwafrika alitoka kwetu. Fahari hiyo itudai kazi. Jumuiya ndogondogo ziwasaidie wasio na nguvu kung'oa migomba iliyougua na kusafisha panga kwa moto kabla ya kugusa shina jingine. Parokia zenye ardhi ziache sehemu ya nyasi kwa ajili ya majirani. Nasi seminarini tutengeneze mboji, ili anayepelekwa parokiani kesho ajue kufundisha kwa mikono yake. Na kila tunapopita Kanisa Kuu la Bukoba, tumwombee Mwadhama pumziko la milele.