Vital Brazil, daktari aliyebadilishana nyoka kwa dawa na wakulima

Tarehe 28 Aprili 1865, katika mji wa Campanha nchini Brazil, alizaliwa mtoto aliyepewa jina refu: Vital Brazil Mineiro da Campanha. Baba yake alikusanya humo mtakatifu wa siku hiyo, nchi, jimbo la Minas Gerais na mji. Dunia ilikuja kumjua kwa mawili ya mwanzo tu.

Alihitimu udaktari mwaka 1891, kisha akaenda kutibu watu Botucatu, eneo la mashamba ya kahawa. Vibarua walipita kati ya mibuni wakiwa peku, na walioumwa na nyoka waliletwa kwake miguu imevimba, fizi zinavuja damu. Hakuwa na dawa ya maana ya kuwapa.

Mfaransa Albert Calmette alikuwa ameshatengeneza dawa ya sumu ya swila wa Asia, na ilidhaniwa ingefaa kwa nyoka yeyote. Vital Brazil aliijaribu kwa wanyama waliodungwa sumu ya nyoka wa Brazil, ikashindwa. Jararaka, nyoka wa jamii ya kifutu, sumu yake huharibu damu na nyama. Yule mwenye njuga mkiani hushambulia mishipa ya fahamu. Kwa hiyo kila sumu inataka dawa yake, au dawa iliyochanganywa kwa makusudi. Ndiyo sababu hadi leo dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haitegemewi kwa aliyeumwa na kifutu wa Afrika.

Mwaka 1901 alikabidhiwa taasisi ya Butantan, iliyokuwa shamba nje ya mji wa São Paulo. Nyoka alikamuliwa sumu, na farasi akadungwa kiasi kidogo sana, kisichomwua. Dozi iliongezwa polepole kwa wiki nyingi mpaka mwili wa farasi ukazoea kupambana na sumu hiyo. Kisha alitolewa damu, ikaachwa itulie, na yale maji ya juu yenye kinga yakasafishwa na kutiwa kwenye chupa ndogo. Dawa za sasa husafishwa zaidi, lakini farasi bado yumo.

Tatizo likawa nyoka: watawatoa wapi? Jibu lake, kwa maoni yetu, lilikuwa la busara kuliko ugunduzi wenyewe. Aliwagawia wakulima masanduku ya mbao na kitanzi cha kukamatia nyoka. Mkulima alituma nyoka hai kwa treni, naye akarudishiwa dawa na sindano. Hivyo dawa ilifika shambani, alikoumwa mtu, badala ya kukaa mjini.

Mwaka 1916 akiwa ziarani Marekani, mtunza nyoka wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, aliumwa. Alitibiwa kwa dawa aliyokuja nayo Vital Brazil, akapona.

Mwaka 1919 alianzisha taasisi nyingine mjini Niterói. Alifariki mwaka 1950. Taasisi zote mbili bado zinatengeneza dawa ya sumu ya nyoka.